Jinsi ya kuvalisha kitambaa ngao ya chuma ya mapambano kikakaa hata ikipigwa

Ukiona ngao ya alumini imebanduka kitambaa baada ya mapambano ya siku moja tu, angalia ukingo kwanza kabla hujalaumu gundi. Watu wanaulizana sana gundi gani kali, gundi gani inashika alumini, ni swali la maana na tutalifikia, lakini uso wa ngao hauna kazi ngumu kihivyo, pale kitambaa kimelala tu, fimbo inagonga inaondoka. Kazi iko ukingoni. Fimbo ikishuka pale kitambaa kinabanwa kati ya fimbo na makali ya bati, na hapo hata turubai nene litakatika uzi mmoja mmoja kama limepitishwa kwenye mkasi butu. Kwahiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kuanzia huko, ukingo ukiwa sawa mengine yote yanarekebishika.

Naongelea ngao zinazopigwa kweli, sio za kutundika ukutani. Hasa zile za alumini ya mm 3 za mapambano ya fimbo za henzirani, wanayocheza watu wa Society for Creative Anachronism (jumuiya ya watu wanaoigiza maisha na mapambano ya zama za kati, wengi wanaiita SCA tu, ilianza Berkeley, California mwaka 1966) na vikundi vinavyofanana nayo, na pia ngao za chuma cha kawaida cha mm 1.5 hivi. Kama wewe unapigana na silaha za chuma butu basi jua mapema kitambaa kitadumu muda mfupi zaidi, utaratibu ni ule ule ila utakirudia mara nyingi.

Kwanini uhangaike kuvalisha wakati ungepaka rangi moja kwa moja kwenye bati? Moja ni kwamba rangi kwenye alumini inabanduka vipande vipande, kila pigo linaondoa kipande, na ukishaanza kuona bati linang'aa chini ya simba wako uliyemchora vizuri hamna raha tena. Pia alumini tupu ikisuguana na vifaa vya wenzako inaacha uchafu wa kijivu mgumu kutoka, hasa kwenye nguo nyeupe. Kelele nayo inapungua, sio kuisha lakini ule mlio wa sufuria unakuwa mlio mzito zaidi. Na mwonekano, hili kwangu ndo kubwa: alumini yenyewe ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825, hakuna shujaa wa karne ya 12 aliyewahi kuiona, wakati ngao ya mbao iliyovikwa kitambaa au ngozi na kupakwa rangi ndo kitu walichobeba kweli. Ukivalisha vizuri, mtu aliyesimama hatua tano hawezi kujua kwamba ndani kuna bati.

Uzito usikutishe. Ngao ya duara ya sm 70 ya alumini mm 3 ina kama kilo 3.1, turubai la gramu 350 kwa mita ya mraba likiwa limekatwa na ziada ya kukunja nyuma ni gramu 200 tu hivi, gundi na rangi na mpira wa ukingo (bomba la mpira lililopasuliwa, linalovikwa kuzunguka ukingo) vikiingia unaongeza nusu kilo mpaka robo tatu kwa jumla. Ya chuma ya mm 1.5 ukubwa huo huo tayari ina kilo 4.5 bila chochote, kwahiyo wenye chuma chagueni kitambaa chepesi.

Kitu kimoja kabla hujanunua hata brashi: soma kanuni za kundi lako kuhusu ukingo wa ngao, unene wa mpira, vichwa vya bolti, alafu kamuulize mkaguzi wa vifaa kama kuna lolote halieleweki. Kila kundi lina zake, na inauma sana kumaliza kazi nzuri alafu ikakataliwa mlangoni.

Hatua ya 1: ukingo na matundu, kabla ya kitu kingine chochote

Vua vyote vilivyopo kwenye ngao, mikanda, mpini, kitovu cha chuma cha katikati kama kipo, mpira wa zamani. Ibaki bati tupu.

Chukua tupa uzungushe ukingo wote mpaka makali yapotee, sio kupunguza kidogo tu, unataka ukingo uwe mviringo ukiutazama kwa ubavu. Ukishamaliza na tupa pita na msasa namba 120 alafu pitisha kitambaa chakavu au soksi ya nailoni kuzunguka ngao nzima, ikinasa mahali popote rudi hapo. Hii hatua watu wanaifanya kwa dakika tano, ipe saa nzima kama inahitaji. Mm 3 ya alumini inakupa nafasi nzuri ya kuzungusha, chuma cha mm 1.5 ni chembamba mno huwezi kupata mviringo wa maana, kwahiyo kwenye chuma lazima uongeze kitu kati ya bati na kitambaa: utepe wa ngozi nyembamba au felti wenye upana wa sm 3 uliokunjwa juu ya ukingo na kugundishwa pande zote mbili. Mimi ningeuweka hata kwenye alumini kama ngao ni ya mtu anayepigana kila wiki, manake uzi unaokatwa unakatwa kutokea ndani, upande wa bati, ambako huwezi kuuona mpaka umechelewa.

Sasa matundu. Toboa matundu yote sasa hivi, ya mikanda, ya mpini, ya kitovu, na yale ya kufungia mpira wa ukingo, haya ya mwisho yawe sm 1.5 kutoka ukingoni na yaachane sm 6 hivi, drili ya mm 4 inatosha kwa kamba ya kawaida. Ukija kutoboa baada ya kitambaa kuwekwa drili itakamata nyuzi na kuzizungusha na utakuwa na shimo la kitambaa kubwa mara tatu ya tundu la bati. Kila tundu liondolee mabaki ya chuma pande zote mbili, tumia drili kubwa zaidi uizungushe kwa mkono tu. Kamba itapita hapo kwa miaka, tundu lenye makali litaikata.

Alafu weka ngao juu ya kipande cha boksi, ichore umbo lake na matundu yote yaliko, andika juu na chini. Hiyo ndo ramani yako baadae matundu yakiwa yamefunikwa.

Hatua ya 2: kusafisha bati

Mafuta kwanza, msasa baadae, sio kinyume chake. Ukianza na msasa unayasugua mafuta yaingie kwenye mikwaruzo. Osha na maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, futa na asetoni au thina ukiwa nje au madirisha yako wazi na hakuna moto karibu, badilisha kitambaa cha kufutia kila kinapochafuka.

Baada ya hapo msasa namba 80, piga duara duara, kila sehemu, mpaka ule mng'ao uishe kabisa na bati liwe la kijivu kilichofifia. Vaa barakoa, vumbi la alumini sio la kuvuta. Futa tena na asetoni. Kipimo cha kujua kama imesafika: mwagia maji kidogo, yakitandaa na kukaa kama utando mmoja umefanikiwa, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta, rudia. Usiguse tena na mikono mitupu.

Alumini ina tabia ya kujitengenezea ngozi ya oksidi muda huo huo ikishakutana na hewa, huwezi kuizuia, ila ngozi changa ni nyembamba na inashika gundi vizuri, ikikaa na kuchafuka ndo tatizo. Kwahiyo panga msasa na gundi siku moja. Wenye chuma nyie kuna kazi ya ziada: kitambaa kinatunza jasho na mvua, na chuma kitapata kutu chini yake bila wewe kujua mpaka doa la kahawia litokee mbele, kwahiyo paka praima ya kuzuia kutu mbele na nyuma, ndani ya matundu pia, iache ikauke kabisa kama kopo linavyosema, alafu ikwaruze kidogo na msasa namba 180 gundi ipate pa kushika.

Hatua ya 3: kuchagua kitambaa

Pamba au kitani. Basi. Turubai la pamba la gramu 270 mpaka 400 kwa mita ya mraba ndo chaguo la watu wengi na ni chaguo zuri, kitani kizito ni kizuri zaidi kama unakipata, hakivutiki ovyo na nyuzi zake zina nguvu. Achana na poliesta na yale maturubai ya plastiki, hayanywi gundi wala rangi, yanakaa juu juu tu alafu siku moja yote yanatoka kwa pamoja. Shuka la kitanda ni jembamba sana, linaonekana zuri wiki ya kwanza.

Kama unajali historia, kitani ni sahihi kabisa. Polybius, Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ameeleza ngao ya askari wa Roma: mbao tabaka mbili zimegundishwa pamoja, juu yake kitambaa cha kitani, alafu ngozi ya ndama, na ukingo wa juu na chini una chuma. Angalia hapo, hata wao ukingo waliupa kitu chake maalum. Na Uingereza karne ya 10 mfalme Æthelstan aliweka sheria kwamba fundi wa ngao asifunike ngao kwa ngozi ya kondoo, akifanya hivyo faini shilingi 30, ngozi ya kondoo ni laini na dhaifu na mtu anayeibeba vitani anategemea kitu ambacho hakipo. Kwahiyo mjadala wa kifuniko dhaifu una zaidi ya miaka elfu.

Fua kitambaa kwa maji ya moto kabla ya kukata, mara mbili kama ni turubai jipya. Kuna watu wanasema usifue ili kikisinyaa juu ya ngao kikaze chenyewe, nawaelewa, lakini kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaozuia gundi kuingia ndani ya nyuzi, na kusinyaa kwenyewe hakulingani, kinavuta zaidi upande mmoja na msalaba wako unapinda. Fua, kausha, piga pasi mpaka mikunjo iishe yote. Mkunjo uliobaki sasa utaonekana milele.

Kukata: weka ngao juu ya kitambaa, acha ziada ya sm 7 kuzunguka pande zote. Ngao bapa, nyuzi ziende wima na mlalo sawa na ngao inavyoshikwa, inapendeza na kuchora mistari inakuwa rahisi. Ngao yenye tumbo, yaani iliyobinuka kama bakuli, kata hanamu, geuza kitambaa nyuzi zake zikae mshazari kwa digrii 45 manake kitambaa kinavutika zaidi upande huo na kitakubali kufuata umbo bila kutengeneza makunyanzi mengi. Ngao iliyopinda upande mmoja tu, ile kama kigae cha paa, haina shida, ifanye kama bapa.

Hatua ya 4: gundi

Mbili tu zinafaa kuongelewa. Ya kwanza gundi nyeupe au ya njano ya mbao, chagua ile isiyoogopa maji, nyingi zimeandikwa D3 kwenye chupa. Ya pili gundi ya viatu, ile unayopaka pande zote mbili unasubiri inakaukia alafu unagusanisha.

Gundi ya viatu inashika bati vizuri kuliko ya mbao, hilo halina ubishi, lakini ikishagusa imegusa, huna nafasi ya kusogeza, mvuke wake unaumiza kichwa na unashika moto haraka. Gundi ya mbao inakupa muda wa kulainisha na kuvuta, inapita ndani ya kitambaa na kukifanya kigumu kidogo kikikauka, na kwa kuwa kitambaa kinapumua maji yake yanapata pa kutokea. Udhaifu wake ni kwamba bati halinywi, inashikilia mikwaruzo ya msasa tu.

Ninavyofanya mimi ni kuzitumia zote, gundi ya mbao kwenye uso wote wa mbele, gundi ya viatu nyuma kwenye ile sm 7 inayokunjwa. Uso unapata ulaini, nyuma inapata nguvu, na mpira wa ukingo ukishafungwa juu yake kitambaa kimebanwa kisawasawa pande zote, hata gundi ya mbele ikiachia mahali kitambaa hakina pa kwenda. Mtu akikuambia gundi ya mbao haishiki alumini muulize ukingo wake aliumalizia vipi.

Hatua ya 5: kubandika

Andaa kila kitu karibu, gundi, rola ndogo, brashi, mkasi, ndoo ya maji na sponji, vibanio vya nguo vingi, kipande cha plastiki bapa cha kusukumia. Ziba matundu kwa nyuma na selotepu ili gundi isitiririke.

Paka gundi ya mbao kwenye bati na rola, tabaka jembamba lisiloacha sehemu, subiri dakika chache mpaka ianze kunata kidoleni. Mwenzako akusaidie kushika kitambaa kikiwa kimenyooka, kishusheni katikati kwanza, alafu sukuma kutoka katikati kwenda nje kwa kiganja, baadae kwa plastiki. Kutoka katikati kwenda nje, siku zote, ukianza pembeni hewa inabaki katikati na utapata malengelenge. Usivute kwa nguvu kwenye ngao bapa, laza tu, kitambaa kilichovutwa sana kitataka kurudi na kitaachia gundi kabla haijakauka.

Kikishalala vizuri changanya gundi na maji nusu kwa nusu, paka juu ya kitambaa na brashi mpaka kiloe chote. Hii inaingia kutoka juu inakutana na ile ya chini, na pia inajaza matundu madogo ya mfumo wa kitambaa kwahiyo rangi baadae haitanyonywa ovyo. Endelea kupita na plastiki kwa dakika kumi zijazo, malengelenge yanapenda kujitokeza ukishageuka. Lile linalokataa kulala litoboe na sindano, bonyeza hewa itoke.

Kwa ngao yenye tumbo utaratibu unabadilika. Lowesha kitambaa na ukikamue kwanza, kiwe na unyevu tu. Kishushe katikati, alafu vuta juu na ubane na vibanio, vuta chini ubane, kulia, kushoto, alafu katikati ya hizo nafasi, na katikati tena, kila mara ukifanya upande mmoja unafanya na ule ulio mkabala nao. Hapa kuvuta kunaruhusiwa. Makunyanzi yatajikusanya karibu na ukingo, yasogeze kidogo kidogo yagawanyike kuzunguka, mengi yatamezwa. Kama tumbo ni kubwa sana na kunabaki mikunjo isiyokubali, kata pembetatu nyembamba pale ukingoni na ukutanishe kingo zake bila kupandana, baada ya rangi na mpira hutaiona. Kwenye ngao ya kitovu unaweza pia kukata tundu la katikati mapema, kidogo kuliko kitovu chenyewe, inapunguza mvutano sana.

Acha masaa 24 imelala, vibanio vikiwa pale pale. Sehemu yenye baridi au unyevu mpe siku mbili. Bati halisaidii chochote kwenye kukausha, maji yote yanatokea upande mmoja.

Kesho yake ndo unakunja. Geuza ngao, kwenye ile ziada kata meno kila sm 4 au 5, mkasi usimame sm 1 kabla ya ukingo, hii sm 1 ni muhimu, ukikata mpaka ukingoni umejitengenezea mwanzo wa kuchanika pale pale fimbo inapoangukia. Duara meno yawe ya pembetatu ili yasipandane, pembeni zilizonyooka huhitaji kukata kabisa. Ncha ya chini ya ngao yenye umbo la pembetatu ndo inasumbua, kunja ncha yenyewe kwanza ije juu, alafu upande wa kulia, alafu wa kushoto juu yake, ukipunguza kitambaa cha ndani ili kisiwe donge.

Paka gundi ya viatu kwenye bati la nyuma na kwenye ziada, subiri dakika 10 mpaka 20 kama kopo linavyosema mpaka ukigusa isikufuate kidole, kunja jino moja moja ukivuta kwa nguvu juu ya ukingo, gonga na nyundo ya mpira. Nguvu yako yote ya kuvuta iweke hapa, kitambaa kikilegea juu ya ukingo kitasogea kila pigo na kitajisugua chenyewe mpaka kiishe.

Matundu yapate kutoka: tumia ile ramani ya boksi, tafuta kila tundu kwa nyuma, pitisha msharasi au sindano ya gunia uisukume itenganishe nyuzi badala ya kuzikata. Kwa bolti kubwa unaweza kuchoma na msumari wa moto, kitambaa chenye gundi kinajifunga pembeni.

Hatua ya 6: rangi

Kwa kuwa ulishapaka gundi ya maji juu, unaweza kuanza na rangi nyeupe ya akriliki au rangi ya maji ya nje ya nyumba, tabaka mbili nyembamba, katikati pitisha msasa namba 220 kuondoa vinyweleo. Baada ya hapo chora mchoro wako kwa penseli, tumia tepu ya kuzibia rangi kwa mistari, na ukishabandika tepu paka rangi ya chini, ile ile nyeupe, kwenye ukingo wa tepu kwanza, inaziba vinjia na rangi ya pili haitapenya. Tabaka nyembamba nyingi, sio moja nene, nene inapasuka ikipigwa. Rangi za mafuta zinang'aa na zinachelewa kukauka na zinakuwa ngumu, sizipendi kwa ngao za kupigana.

Kama hujui uchore nini, usione aibu kuwa na rangi mbili tu. Kwenye meli ya Waviking ya Gokstad iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880 zilikutwa ngao 64 za duara, zimepakwa njano na nyeusi kwa kupokezana, hakuna simba wala tai, na zikipangwa pembeni ya meli zilikuwa zinaonekana kutoka mbali. Mchoro mkubwa wa rangi mbili unasomeka uwanjani kuliko maua madogo madogo. Maliza na vanishi ya maji isiyong'aa, tabaka mbili, hii inazuia tope na jasho kuingia.

Hatua ya 7: vishikio na kitovu

Bolti zipite juu ya kitambaa, sio chini yake. Najua wapo wanaoficha vichwa vya bolti chini ya kitambaa ili uso uwe safi, lakini pale penye nundu ndo kitambaa kinatoboka kwanza, na siku mkanda ukikatika huwezi kuubadilisha bila kuchana. Vichwa vya mviringo, laini, na washa pana chini yake, vinakibana kitambaa na kukupa sehemu nyingine nne au sita za kukishikilia. Nyuma nati zenye nailoni zisizolegea, na bolti ikatwe isiingie mkononi. Kwa alumini tumia bolti za stenlesi na uweke washa ya nailoni au ngozi katikati, chuma na alumini vikigusana na jasho likiwepo alumini inaliwa taratibu kuzunguka tundu. Kitovu nacho kinakaa juu ya kitambaa, kikibana ile kingo uliyokata katikati.

Hatua ya 8: mpira wa ukingo

Sasa tunarudi tulikoanzia. Chaguo la kawaida ni mpira wa maji wa bustani au ule mnene wa hita ya gari, upasuliwe kwa urefu na kuvishwa juu ya ukingo. Ngao ya sm 70 inahitaji mita 2.2, kata 2.3 alafu punguza mwisho. Kupasua kwa mstari ulionyooka: bana kisu kwenye jiliwa makali yakiwa juu na uvute mpira juu yake, mikono ikiwa mbali na glavu zimevaliwa. Loweka mpira kwenye maji ya moto dakika kadhaa kabla ya kuvisha, utakuwa laini na utakubali mviringo.

Toboa mpira ukifuata matundu ya ngao, funga na kamba ya nailoni au ya pamba iliyopakwa nta, kila tundu kamba ipite, vuta kwa koleo. Usitegemee vile vifungo vya plastiki vya nyaya peke yake, ncha zake zikikatwa ni kali na zinakwaruza watu, na vinakatika kwenye baridi. Mpira lazima ufunike kabisa lile kunjo la kitambaa, mbele na nyuma, na kusiwe na uwazi kati ya mpira na ukingo, bonyeza kwa dole gumba kuzunguka kote, ukisikia unacheza rudisha kamba nyuma uikaze.

Kwa wanaotaka mwonekano zaidi, juu ya mpira unaweza kuvisha kitambaa cha rangi ile ile au ngozi. Njia nzuri kabisa ni ngozi mbichi iliyokaushwa, isiyotiwa dawa ya kulainisha. Kama huipati kwa wanaouza ngozi, ile mifupa ya ngozi wanayotafuna mbwa ukiiloweka usiku kucha inafunguka inakuwa utepe mrefu, ishone ikiwa imelowa, ikikauka inasinyaa na kuwa ngumu na inajibana yenyewe. Ubaya wake ni mvua, ikilowa tena inalegea, kwahiyo ipake vanishi.

Baada ya hapo

Ikague kila baada ya mapambano, ukingo tu, uso hauna haja. Uzi mmoja uliokatika utie gundi ya mbao nyembamba usiku huo huo, shimo dogo liweke kiraka cha kitambaa kile kile chenye pembe za mviringo, rangi juu, hakionekani. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, gundi ya mbao na ya viatu zote zinalainika kwenye joto na utakuta malengelenge. Ikilowa isimamishe ikiwa wazi mbele na nyuma mpaka ikauke, usiitie kwenye mfuko.

Siku kitambaa kikichoka kabisa fungua mpira, ondoa bolti, pasha moto na mashine ya kukaushia nywele ukianzia nyuma kwenye meno, yatainuka, uso wa mbele mwagia maji ya moto na uweke taulo lililolowa juu kwa saa moja hivi, kitambaa kitavutika chote kwa kipande kimoja au viwili. Gundi iliyobaki kwangua na kipande cha plastiki kigumu, sio kisu. Matundu tayari unayo, ukingo tayari ni mviringo, kwahiyo mara ya pili unaanzia kwenye asetoni.